DaVinci Resolve Studio na faili asilia za kamera: tathmini ya mhariri wa video za harusi jijini Nairobi

Jumatatu baada ya harusi huwa siku ya kuhesabu kadi. Kwenye meza yangu hapa Roysambu huwa kuna kadi nne zilizotoka katika kamera mbili za Sony A7 IV, kadi moja ndogo ya droni, simu ya shangazi yake bibi harusi aliyesimama mahali ambapo mpigapicha wetu hakufika, na diski mbili za kuhifadhia. Kila kimojawapo cha vyombo hivyo kimeiandika video kwa umbizo lake, na kazi ya kwanza ya mhariri ni kuviketisha vyote katika mradi mmoja bila kuharibu chochote. Tathmini hii inahusu jambo hilo pekee katika DaVinci Resolve Studio, programu ya kuhariri video: namna programu hiyo inavyozipokea faili zikiwa vilevile kamera ilivyoziandika, kabla hazijageuzwa. Athari za picha na maandishi yanayocheza nawaachia wengine, na rangi nitaigusa pale tu inapogusana na faili yenyewe. Nimeitumia programu hii kwa misimu mitatu ya harusi, kwanza toleo la bure na baadaye la kulipia, yaani Studio, nikihariri kwa Windows.

Swali la kugeuza faili au kuziacha zilivyo ni la zamani kuliko kamera tulizo nazo. Sony na Panasonic walipoleta umbizo la AVCHD mwaka 2006, na Canon ilipoiweka video ya H.264 ndani ya kamera yake ya picha, 5D Mark II, mwaka 2008, wahariri wengi walilazimika kuzigeuza faili hizo ziwe ProRes, umbizo la Apple linaloharirika kwa wepesi, kabla ya kuanza kazi, kwa kuwa Final Cut Pro ya wakati huo ilizisukuma kwa taabu. Adobe Premiere Pro CS5, ya mwaka 2010, ndiyo iliyowafanya wengi waone kwamba faili ya kamera inaweza kuwekwa moja kwa moja kwenye mstari wa uhariri. Tangu hapo kila programu hujisifu kwamba inafungua faili asilia. Kufungua, hata hivyo, si kuchezesha. Programu inaweza kuonyesha fremu ya kwanza kwa ukamilifu kisha ikakwama kwenye ya tatu, na mtengenezaji bado akawa hajasema uongo.

Kiini cha tatizo kiko katika namna kamera inavyobana video. H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, na H.265 iliyoifuata mwaka 2013, kwa kawaida haziandiki kila fremu nzima. Huandika fremu moja kamili, kisha katika fremu kadhaa zinazofuata huandika tu kile kilichobadilika, kama msimulizi anayesema kwamba bwana harusi yu palepale ila sasa ameinua mkono. Kwa mtazamaji anayetazama tangu mwanzo hadi mwisho mpango huo hauna hasara. Mhariri hatazami hivyo: huruka mbele, hurudi nyuma, hukata katikati ya sentensi ya mhubiri, na kila anapotua tarakilishi hulazimika kurudi kwenye fremu kamili iliyotangulia na kuijenga upya hadithi yote hadi pale alipotua. Zikiwa kamera tatu zinazocheza kwa pamoja ili mhariri achague pembe, kazi hiyo hufanywa mara tatu kwa wakati mmoja.

Juu ya hayo kuna kina cha rangi. Video ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, na ya biti 10 ina ngazi 1,024. Ile ya 4:2:0 hupunguza taarifa za rangi kwa upana na kwa urefu, ilhali ya 4:2:2 huzipunguza kwa upana pekee. Anayepiga harusi za Nairobi anaujua umuhimu wa ngazi hizo hata kama hajawahi kuzihesabu: hema jeupe saa saba mchana, nyuso zenye weusi wa kila namna chini ya kivuli chake, na hatua tatu nje nyasi zinazomeremeta kwa jua. Ndiyo maana hupiga kwa biti 10 na 4:2:2, na ndiyo maana faili zangu huilemea tarakilishi kuliko ukubwa wake kwenye diski unavyoonyesha.

Tarakilishi ina njia mbili za kuzisoma faili za aina hii. Inaweza kutumia nguvu za jumla za prosesa, au inaweza kuikabidhi kazi hiyo sehemu maalumu ya chipu iliyoundwa kwa ajili yake, ambayo naiita kisimbuzi kwa sababu Wakenya tulilizoea neno hilo mwaka 2015 tulipohamia televisheni ya kidijitali, na kwa sababu tabia ni ileile: kisimbuzi hufungua tu kile kilichoundiwa. Chipu ya M1 ya Apple, iliyotoka Novemba 2020, husimbua H.265 ya biti 10 ya 4:2:2. Grafiki za ndani za prosesa za Intel za kizazi cha 12, kama yangu, nazo huisimbua. Kadi za NVIDIA za familia za RTX 30 na RTX 40, pamoja na umaarufu wake wote na bei yake, hazina kisimbuzi cha 4:2:2; hicho kilikuja na familia ya RTX 50 mwaka 2025. Kwa H.264 ya biti 10 ya 4:2:2 hali ni ngumu zaidi, kwani hata grafiki hizo za Intel hazina kisimbuzi chake.

Hapa ndipo mpigapicha wa Kenya anapokutana na kejeli ndogo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na anayepiga kwa fremu 30 ndani ya ukumbi wenye taa za bei nafuu ataona mwanga ukitetemeka. Kwa hiyo wengi wetu hupiga kwa fremu 25 kwa sekunde. Lakini A7 IV ikiwekwa kwenye 4K ya fremu 25 haitoi H.265. Inatoa XAVC S, ambayo ni H.264 ya megabiti 140 kwa sekunde, au XAVC S-I, ambayo pia ni H.264 lakini huandika kila fremu kwa ukamilifu, kwa megabiti 250 kwa sekunde. H.265 hupatikana pale tu unapopanda hadi fremu 50. Kwa maneno mengine, mpangilio unaotufaa zaidi siku ya harusi ndio uleule ambao visimbuzi vingi vimeupita kando.

Nilipojaribu maumbizo hayo matatu kwenye tarakilishi yangu ya mezani, yenye prosesa ya Intel Core i7-12700, kumbukumbu ya gigabaiti 32 na kadi ya RTX 3060, matokeo yalifuata nadharia kwa uaminifu. XAVC S-I, japokuwa ni nzito kwenye diski, ilicheza kwa pembe tatu bila kusita, kwa sababu prosesa haihitaji kurudi nyuma kuitafuta fremu kamili. H.265 ya fremu 50 ilicheza vizuri mara nilipoingia kwenye mapendeleo ya programu na kuchagua kisimbuzi cha Intel. XAVC S ya megabiti 140 ilicheza vyema ikiwa peke yake, ikaanza kudondosha fremu nilipoweka pembe tatu. Pale ambapo kisimbuzi kipo, Resolve Studio inajua kukitumia, na inakuachia wewe uamuzi wa kipi kitumike; hiyo ni sifa ninayoithamini, kwa kuwa programu inayojiamulia kimyakimya humwacha mhariri akibahatisha tatizo limetoka wapi.

Kabla ya tarakilishi hiyo nilikuwa na kipakatalishi nilichonunua katika duka moja la katikati ya jiji, ambalo muuzaji wake alinihakikishia kwamba kadi ya grafiki ya gigabaiti 6 ingeimeza kazi yoyote ya video. Sikumuuliza kuhusu kisimbuzi, naye hakulijua suala hilo. Tulikuwa vipofu wawili tukiongozana Luthuli Avenue. Prosesa yake haikuwa na kisimbuzi cha 4:2:2, kadi yake nayo haikuwa nacho, na kwa mwaka mzima nilihariri nikisikiliza feni kuliko nilivyosikiliza kiapo cha maharusi. Anayekwenda kununua leo afahamu mambo mawili ambayo hayaandikwi kwenye kibandiko cha bei. Prosesa ya Intel ambayo jina lake linaishia kwa herufi F, kwa mfano 12700F, haina grafiki ya ndani, na kwa hiyo haina kisimbuzi chake. Pili, tarakilishi ya mezani ikishawekewa kadi kubwa, grafiki ya ndani mara nyingi huwa imezimwa na lazima iwashwe katika mipangilio ya ubao mama. Nimewasaidia wenzangu wawili waliokuwa tayari kuuza mashine zao, kumbe kilichokosekana ni kuwasha kitu walichokwisha kukilipia.

Toleo la bure la Resolve ni zawadi kubwa kwa anayejifunza, na sina nia ya kulibeza. Hata hivyo, kwa suala la faili asilia mipaka yake inapaswa kusemwa waziwazi. Hutoa kazi iliyokamilika hadi 3840 kwa 2160 na fremu 60, jambo ambalo kwa harusi si kikwazo. Kikwazo ni kwamba kwenye Windows toleo hilo halifungui H.264 na H.265 za biti 10 za 4:2:2: sauti husikika, picha haionekani. Kwenye Linux toleo la bure halifungui H.264 wala H.265 kabisa. Kwenye Mac mambo ni mepesi zaidi, kwa sababu programu hutumia visimbuzi vya mfumo wenyewe. Kwa hiyo ushauri unaozunguka mitaani kwamba Resolve ni ya bure na haina tofauti na ile ya kulipia ni sahihi kwa mtu anayepiga kwa biti 8, na unapotosha kwa mwenye kamera ya miaka ya karibuni na mashine ya Windows.

Wapo wanaopendekeza kwamba badala ya kununua Studio ni heri kuzigeuza faili zote ziwe ProRes au DNxHR, umbizo jingine la aina hiyo, na kuendelea na toleo la bure. Hesabu yenyewe inawajibu. XAVC S ya megabiti 140 hula gigabaiti 63 kwa saa moja ya video. ProRes 422 ya ukubwa uleule na fremu 25 hula takriban gigabaiti 221 kwa saa. Harusi ya kawaida ya kanisani na ukumbini hunipa saa tisa za video kutoka kamera mbili, yaani gigabaiti 567 za faili asilia. Nikizigeuza nahitaji karibu terabaiti 2 zaidi, kwa harusi moja, katika mwezi wa Agosti au Disemba wenye harusi kila Jumamosi. Na kugeuza hakuongezi ubora hata kidogo. Rangi ambayo kamera haikuiandika haiwezi kuzaliwa ndani ya ProRes.

Njia niliyoishia kuifuata, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo sababu halisi ya kuipenda programu hii, ni ya proksi. Faili asilia zinabaki zilivyo. Kando yake hutengenezwa nakala nyepesi, kwangu ni DNxHR LB ya 1920 kwa 1080 inayokula kama gigabaiti 16 kwa saa, na uhariri wote hufanywa kwa nakala hizo. Tangu toleo la 18 la mwaka 2022, Studio huja na programu ndogo ya pembeni inayolinda folda uliyoiteua: ukinakili kadi ndani yake, inaanza kutengeneza proksi yenyewe na kuziweka katika folda ndogo karibu na faili asilia, na Resolve huziona bila kuelekezwa. Kwenye skrini kuna swichi moja ya kuchagua kama unataka kuona proksi au faili asilia, na unaweza kuibadilisha katikati ya kazi bila mradi kuyumba. Nahariri kwa proksi, nasahihisha rangi kwa faili asilia, na kazi ya mwisho hutolewa kutoka kwenye faili asilia isipokuwa niagize vingine.

Mpango huu una faida ambayo watengenezaji wake huko Australia huenda hawakuifikiria. Usiku mmoja mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha, stima ilipotea saa nane usiku nikiwa nimeacha proksi za ruracio (sherehe ya mahari) ya Kiambu zikitengenezwa. Betri yangu ya akiba hudumu dakika ishirini tu. Asubuhi stima iliporudi nilikuta proksi zote zilizokamilika zipo salama, ile iliyokatikia katikati nikaifuta, na kazi ikaendelea kutoka hapo. Mradi wenyewe ulikuwa umehifadhiwa, kwa kuwa Resolve huandika kila badiliko kwenye hifadhidata yake papo hapo ukiacha chaguo hilo likiwa limewashwa. Kadhalika, proksi hutosha kwenye diski ndogo, na siku ambayo mtaa mzima uko gizani mimi huchukua diski hiyo na kipakatalishi kilekile nilichokilaumu hapo juu, nikahamia mahali penye umeme. Kwa proksi hakina kasoro yoyote.

Kamera za Sony nazo zinaweza kuandika proksi zake wakati huohuo wa kupiga, na huziweka katika folda iitwayo SUB ndani ya M4ROOT. Nilizitegemea kwa muda kisha nikaziacha, kwa sababu jina la kila proksi huongezewa herufi na tarakimu mwishoni, na kuziunganisha na faili asilia hudai kazi ya mkono ambayo programu ndogo ya kutengeneza proksi huimaliza nikiwa nimelala.

Kuhusu folda za kadi nina neno zaidi, kwa kuwa hapa ndipo nilipoumia. Faili asilia si video peke yake. Kadi ya Sony huwa na PRIVATE, ndani yake M4ROOT, ndani yake CLIP, na humo kila video huandamana na faili ndogo ya XML yenye taarifa zake. Kamera za AVCHD zilikuwa na mpangilio wake wenye faili za MTS, ambamo tukio refu moja hugawanywa vipande, na programu hutegemea folda nzima ili kuviunga bila kupoteza fremu. Mpigapicha mmoja niliyemkodi kwa siku moja aliniletea kazi yake akiwa amezitoa video zote kutoka kadi tatu na kuzimwaga katika folda moja, akidhani ananirahisishia. Kila kadi ilikuwa imeanza kuhesabu kwa C0001, kwa hiyo Windows ilizipa nyingine mabano na tarakimu, na XML hakuzileta kabisa. Nilichukua siku nzima kutambua ipi ilitoka asubuhi nyumbani kwa bibi harusi na ipi jioni ukumbini. Resolve huzitambua faili kwa jina na kwa msimbo wa wakati. Ukimpa majina yanayogongana, usitarajie miujiza. Siku hizi mkataba wangu wa mdomo na kila ninayemkodi una sharti moja kabla ya bei: kadi inakiliwa nzima, kuanzia folda ya juu kabisa, na kila kadi ndani ya folda yake yenye jina la kamera na tarehe.

Ukurasa wa programu wa kuvinjari diski unalisaidia jambo hili kwa kiasi kikubwa. Una chombo cha kunakili kadi ambacho huhakiki kila faili kwa hesabu ya utambulisho baada ya kuinakili, ili ujue kwamba kilichofika ndicho kilichotoka, kabla ya kuthubutu kuifuta kadi. Watu wachache ninaowafahamu huufungua ukurasa huo. Wengi hunakili kwa kuburuta na kuomba Mungu.

Simu ni kesi nyingine. Simu nyingi hazishiki idadi ileile ya fremu kwa sekunde. Mwanga ukipungua, fremu hupungua, na video ya dakika arobaini inaweza kuanza ikiwa sawa na sauti na kumalizika mdomo ukisema kabla ya neno. Resolve hufungua faili hizo bila kulalamika, na hilo ndilo linalonipa wasiwasi, maana mhariri mgeni hugundua kosa akiwa amefika mwisho wa hotuba. Hapa peke yake ndipo ninapogeuza kabla ya kuhariri: naipitisha video ya simu katika Shutter Encoder, programu ya bure, naifanya iwe na fremu 25 zisizobadilika, na nakala hiyo ndiyo inayoingia kwenye mradi. Ni vyema pia kukumbuka kwamba Resolve huufunga mradi kwa idadi ya fremu mara tu video ya kwanza inapoingia. Ukianza na faili ya simu yenye fremu 30 kwa bahati mbaya, utaanza upya, kwa hiyo chagua 25 kabla ya kuburuta chochote.

Droni za DJI hazinisumbui. Nyingi huandika kando ya kila video faili yenye kiambishi LRF, ambayo wengi huifuta wakidhani ni takataka. Kumbe ni video ya kawaida yenye ubora mdogo, na ukibadilisha kiambishi hicho kuwa MP4 una proksi ambayo hukuitolea jasho.

Kwa umbizo ghafi (RAW, yaani data ya kihisi cha kamera kabla ya kukamilishwa kuwa picha) nitapita haraka, kwa kuwa wateja wangu hawalilipii. Blackmagic Design, ambao walizinunua haki za DaVinci mwaka 2009, walitoa umbizo lao la Blackmagic RAW mwaka 2018, na si ajabu kwamba ndani ya Resolve faili hizo huteleza kama maji. Niliazima kamera yao ya Pocket 4K kwa tangazo dogo la mkahawa wa Westlands, na kipakatalishi changu dhaifu kilizichezesha faili za 4K bila proksi, jambo ambalo hakijawahi kulifanya kwa XAVC S. Sehemu ya kazi ya kuichambua picha huwa imefanywa tayari ndani ya kamera, na kila fremu husimama yenyewe. Premiere nayo huzifungua baada ya kuwekewa kiunganishi kinachotolewa bure na Blackmagic wenyewe.

Kuna taarifa ambazo huishi ndani ya faili asilia tu na hufa faili inapogeuzwa. Kamera za Sony za karibuni huandika mwendo wa mkono wa mpigapicha kama ulivyopimwa na kihisi cha mzunguko, na programu ya bure ya Gyroflow, ambayo ina kiunganishi kinachofanya kazi ndani ya Resolve, husoma taarifa hizo na kuituliza picha kwa namna ambayo programu inayobahatisha kwa kuangalia picha pekee haiwezi kuifikia. Mpigapicha wangu hutembea akirudi nyuma mbele ya maharusi wanaoingia kwa kucheza. Bila taarifa hizo nusu ya maingilio ingefaa kwa watu wasio na kizunguzungu tu. Kwa rangi, usimamizi wa Resolve huitambua Blackmagic RAW wenyewe na kuipeleka inakotakiwa, lakini S-Log3, yaani picha iliyofifishwa makusudi ili rangi zisahihishwe baadaye, kutoka kwenye kamera ya Sony mara nyingi lazima uielekeze mwenyewe kwa kuchagua nafasi yake ya rangi. Fanya hivyo kwa kundi zima la faili mara moja, si kwa kipande kimojakimoja.

Studio huuzwa kwa dola 295, ambazo kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni takriban shilingi 38,000, kabla ya muuzaji wa hapa kuongeza lake. Hulipwa mara moja, hutumika kwenye tarakilishi mbili, na tangu niinunue sijaombwa senti nyingine kwa toleo jipya. Premiere hukodishwa kwa mwezi, na kwa kazi isiyotabirika kama yetu, ambapo Januari hadi Machi simu hunyamaza, ada isiyonyamaza ni mzigo. Nakiri kwamba Premiere inavumilia zaidi fujo: ukiitupia mchanganyiko wa fremu 24, 25 na 30, ukabadilisha nia katikati, haikugombezi. Mhariri wa habari anayepokea video za simu kutoka kila pembe ya nchi na kuzirusha ndani ya saa moja ana sababu nzuri ya kubaki nayo. Kwa mwenye harusi mbili kwa mwezi zilizopigwa kwa biti 10 kwenye Windows, shilingi 38,000 hizo ningezitoa kabla sijafikiria kadi mpya ya grafiki, na kabla ya hata lenzi.

Jambo ambalo programu haiwezi kukusaidia ni mteja anayedai faili zote kama zilivyo. Mama mmoja wa Ruiru alisisitiza apewe video za bintiye zikiwa nzima, asilia, bila kukatwa, nami nikamnakilia kwenye diski folda za kadi kwa mpangilio wake wote. Jioni alinipigia simu. Alikuwa ameichomeka diski kwenye televisheni mbele ya wageni, na televisheni ile, ambayo haina kisimbuzi cha 4:2:2, ikatoa sauti ya kwaya juu ya skrini nyeusi. "Kijana wangu," akaniambia, "nilikulipa video, wewe umeniletea redio." Kesho yake nilimpelekea nakala ya H.264 ya biti 8, na diski ile ya kwanza nikamwomba aiweke kabatini.